Tumsomee Mtoto Kitabu Gani Usiku? Safari ya Hadithi Zetu Kutoka Uani Hadi Kitabuni

 

Mwezi uliopita shoga yangu mmoja aliniuliza jambo nikadhani nitamjibu pale pale. Binti yake ana miaka mitano, yuko skuli ya maandalizi, na vile vitabu vya picha vya kurasa kumi vimeshamchosha. Mama hajafika ukurasa wa tatu, mtoto keshasema mwisho wake. Sasa anataka hadithi ndefu, kitabu chenye sura, asomewe kidogo kila usiku baada ya Isha na kesho waendelee walipoachia. "Kiwe cha Kiswahili," akasema shoga yangu, "maana Kiingereza anakipata skuli, na kwenye simu anakipata zaidi."

Nikaenda kwenye kabati langu. Nikakuta Adili na Nduguze ya marehemu mama, haina jalada la nyuma. Nikakuta Hekaya za Abunuwasi, na kitabu kimoja cha Alfu Lela Ulela ambacho mchwa wamekila pembeni. Vilivyobaki vya rika lile, vyenye sura, vyote vilikuwa vya Kiingereza, zawadi za wifi yangu aliyeko Uingereza. Nikamwambia shoga yangu nipe siku mbili. Zikawa wiki tatu, kwa sababu kila nilipokifungua kitabu kimoja nilitaka kujua kimetoka wapi, na kwa nini nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kutusomea.

Nianze na bibi, mzaa mama. Alikuwa hasomi herufi za Kizungu. Qur'ani akiisoma, na barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu akiisoma vizuri tu, lakini gazeti kwake lilikuwa karatasi ya kufungia vitumbua. Usiku tukishajitupa mkekani, yeye kaegemea ukuta wa uani, alisema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", basi tena hakuna anayetikisika. Mchana hasimulii hata umlilie. Za Sungura na Fisi alikuwa nazo nyingi, ila tuliyokuwa tukiigombania ni moja, ya paa na yule maskini, kwa sababu haikwisha usiku mmoja. Akichoka alisema paa kalala, na nyinyi laleni. Kesho yake tulianza kwa ugomvi: alifikia wapi? Kila mmoja na lake, na yeye akicheka. Halafu ulikuwapo wimbo, paa akiwa njiani anauimba, na sote tukiuimba naye.

Kwa hiyo hadithi ya kuendelea usiku kwa usiku si jambo geni kwetu. Wala kusoma kwa sauti nyumbani si jambo geni. Wazee wetu walikuwa na tenzi, na tenzi zilitungwa zipate kusomwa mbele za watu kwa sauti na kwa mahadhi. Utenzi wa Ras il-Ghuli una beti zaidi ya 4,000, nani atauweza kwa kikao kimoja? Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utenzi wake maarufu mwaka 1858, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa, ausome na aushike. Na sisi sote tumekulia kwenye Maulidi ya Barzanji, ambayo nayo husomwa fasili kwa fasili. Msomaji akimaliza fasili yake watu wanaitikia, mwengine anapokea. Ukikitazama kikao cha maulidi kwa jicho la mtoto, utakuta karibu yote anayohitaji mtoto wa maandalizi kwenye kitabu kirefu yamo: vipande vinavyojulikana mwanzo na mwisho wake, kitu cha kuitikia, na watu wazima ambao hawana haraka.

Hata neno lenyewe. Siku hizi tunasema sura, neno tulilolizoea kwa Qur'ani. Vitabu vingi vya zamani vya Kiswahili viliandika "Mlango wa Kwanza", "Mlango wa Pili". Binti yangu nilipomwambia hivyo, tangu siku hiyo haniulizi leo tunasoma sura gani. Anauliza leo tunafungua mlango gani.

Sasa hadithi hizi ziliingiaje kitabuni? Mwaka 1864 alifika Unguja mmishenari wa Kiingereza aitwaye Edward Steere. Nia yake ilikuwa kujifunza Kiswahili ili atafsiri Biblia na kuendesha kazi ya misheni yake, na hilo tulijue wala tusilifiche. Baadaye akawa askofu, akajenga lile kanisa la Mkunazini. Lakini katika kujifunza lugha alikuwa akiwauliza watu wa hapa hadithi na akiziandika kama zilivyotamkwa. Mwaka 1870 akazitoa London katika kitabu kiitwacho Swahili Tales, ukurasa mmoja Kiswahili, unaoukabili Kiingereza, na jina la kitabu lenyewe linaeleza kuwa zimesimuliwa na wenyeji wa Unguja. Kitu kimoja alichokiona, na mimi nikashangaa mtu mgeni kakiona, ni kwamba hadithi nyingi zina kipande cha kuimba ambacho wasikilizaji wote hujiunga, na kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi iko ndani ya wimbo. Msimulizi anaunganisha tu katikati kwa maneno yake ya siku hiyo.

Nilikifungua kitabu hicho kwenye intaneti saa nne ya usiku, watoto wamelala. Nikamkuta paa wa bibi yangu. Maskini anayepekua jaani apate punje za mtama. Thumni aliyoiokota. Mtu anayepita na tundu la paa, na watu wakimcheka maskini kwa kutumia thumni yake yote kununua mnyama badala ya chakula. Paa anasema! Anaokota almasi, anampelekea Sultani kwa jina la bwana wake, anamposea binti wa Sultani, anamwita yule maskini wa jaani Sultani Darai. Anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia bwana wake nyumba ya yule nyoka. Kisha paa anaugua, na bwana wake ambaye sasa ni tajiri anasema apikiwe uji wa mtama. Nililia, jamani, sikufichi. Maneno mengine yalikuwa yale yale ya bibi, na bibi hakuwahi kukiona kitabu hicho maisha yake.

Wimbo wa bibi haumo.

Kuna jambo jingine lililonikera kidogo. Mwaka 1901 huko Uingereza kilitoka kitabu cha watoto kiitwacho The Violet Fairy Book, kimoja katika vitabu vya hadithi vilivyopewa majina ya rangi, vikiwa na jina la Andrew Lang juu ya jalada. Kazi kubwa ya kutafsiri na kuziandika upya hadithi za vitabu hivyo ilifanywa na mkewe, Leonora. (Wanawake wenzangu, haya tunayajua.) Ndani ya kitabu hicho zimo hadithi za Unguja kutoka kwa Steere: ya Nunda mla watu, ya Hasibu, na ya paa wetu. Maana yake ni kwamba zaidi ya miaka 120 iliyopita mama wa Kiingereza aliweza kukaa pembeni ya kitanda cha mwanawe akamsomea paa aliyenunuliwa kwa thumni Unguja.

Na hapa kwetu? Mtoto wa kike wakati huo alifundishwa kusoma Qur'ani, na kuandika alikatazwa, asije akaandika barua ambazo hazikutakiwa. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza kuwa alijifunza kuandika kwa siri, akiziiga herufi za Qur'ani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Binti wa Sultani huyo! Aliyoyaandika baadaye ukubwani, yaliyochapishwa mwaka 1886, yaliandikwa kwa Kijerumani, na mwanzo wake aliyakusudia watoto wake waliokuwa wakikulia Ujerumani wapate kujua mama yao katoka wapi. Skuli ya serikali ya wasichana hapa Unguja ilifunguliwa mwaka 1927. Hesabu mwenyewe ni bibi wangapi walipita kabla ya hapo.

Miaka hiyo hiyo ndipo vitabu virefu vya Kiswahili vilipoanza kumiminika. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, ndiye yule yule ambaye jina lake liko kwenye tafsiri nyingi za wakati huo. Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani vilitoka 1929, Safari za Gulliver zikafuata, na sehemu za Alfu Lela Ulela zikatolewa. Mwaka 1940 akaja hata Elisi katika Nchi ya Ajabu, aliyetafsiriwa na St Lo de Malet, na kwenye picha zake Elisi amechorwa mtoto wa Kiafrika.

Mama yangu alivipenda vitabu hivi, hasa Mashimo. Lakini fikiria alivisomea wapi. Darasani. Mwanafunzi mmoja anasimama, anasoma aya moja, akikosea anapigwa fimbo, anakaa, anasimama mwengine. Vilitengenezwa kwa kazi hiyo, kumfundisha mtu aliyekwisha kujua kusoma asome zaidi, kwa lugha iliyopitiwa na kamati. Vingi vilifupishwa, na ukivisoma kwa sauti unausikia ufupisho huo. Mambo yanatokea upesi upesi, mtu anakufa kwa sentensi moja. Mtoto wa miaka mitano anahitaji kinyume chake. Anataka kujua nyumba ina milango mingapi na yule bi kizee kavaa nini.

Mashimo ya Mfalme Sulemani sitamsomea mtoto wa maandalizi, na shoga yangu nimemwambia hivyo. Tembo wanauawa, watu wanauawa, na Waafrika wote humo wanatazamwa na mwindaji wa Kizungu kutoka nje. Akifika darasa la saba asome mwenyewe tubishane. Elisi naye nilimjaribu kidogo. Mzaha wake mwingi uko kwenye maneno ya Kiingereza yenyewe, kwa hiyo kwa Kiswahili mtoto anabaki ananitazama akingoja nicheke nipate kumwambia na yeye acheke.

Mama yangu aliishia kuwa mwalimu, miaka zaidi ya thelathini. Hakutusomea hata siku moja kitandani, Mungu amrehemu, na silaumu. Kwake kitabu kilikuwa cha skuli, kina mahali pake na wakati wake. Hadithi za usiku alimwachia bibi. Bibi alipofariki zikamalizika. Ikabaki redio, tukikisikiliza kipindi cha Mama na Mwana kutoka Radio Tanzania sote tumeizunguka redio moja, na hiyo ndiyo hadithi ya mwisho iliyotukusanya nyumba nzima. Kizazi changu, basi, kilirithi vitabu kwa mama na masikio kwa bibi, na hakuna aliyetuonyesha namna ya kuvikutanisha.

Vitabu vya watoto vya Kiswahili viliongezeka tena baada ya Mradi wa Vitabu vya Watoto kuanza Tanzania mwaka 1991. Ninavyo vingi na nawashukuru waliovitoa. Ila vingi ni vyembamba, vya kumalizwa kikao kimoja, na shoga yangu alitaka kirefu.

Basi nikarudi kwenye Adili na Nduguze. Shaaban Robert wa Tanga aliitoa mwaka 1952. Ni kitabu chembamba kwa mtu mzima, lakini kimegawanywa vipande vizuri vya kusoma usiku mmoja mmoja, na ndani yake mna mfalme, bahari, jini wa kike aliyeokolewa, na mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini. Wanageuzwa manyani, na Adili ameamrishwa awapige kila usiku. Anawapiga, kisha anawakumbatia analia.

Wanaojua Alfu Lela watakitambua kisa hiki. Humo yumo Abdallah bin Fadhil wa Basra na ndugu zake wawili walioroga roho zao kwa husuda mpaka wakageuzwa mbwa. Shaaban Robert akawafanya manyani. Kwa nini hakusema, lakini mimi nadhani alijua wasomaji wake. Mbwa nyumbani mwa Muislamu wa pwani ni jambo la kuuliza maswali mengine kabisa, na nyani ana mikono kama yetu, anakaa mezani, anatia huruma.

Nilimsomea binti yangu. Usiku wa kwanza wa manyani aliniuliza, "Mama, kwa nini anawapiga halafu analia?" Nikasema kwa sababu ni ndugu zake. "Basi asiwapige." Nikasema ameamrishwa. "Na nani?" Tulikaa nusu saa, kitabu kimefungwa, na nikagundua kuwa mimi mwenyewe kitabu hiki nilikifanyia mtihani skuli na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Lugha yake kwa mtoto ni nzito, sikatai. Shaaban Robert hawezi kupita mlango bila kutoa hekima, na sentensi zake nyingine ni ndefu kuliko pumzi yangu. Nilichofanya ni kusoma mwenyewe mchana kwanza, jikoni, na kutia alama kwa penseli mahali pa kuruka. Hekima ya mlangoni ataikuta akikua. Lakini pale palipo na bahari, jini au mji wa mawe nilisoma kila neno, hata lile asilolijua, kwa sababu niliona macho yake. Neno gumu halimfukuzi mtoto anayetaka kujua nini kitatokea.

Kwa mtoto ambaye hajazoea kabisa, nadhani Abunuwasi ni mwanzo mwepesi zaidi. Kila hekaya inaisha usiku ule ule, lakini mtu ni yule yule, kwa hiyo mtoto anajifunza kumngojea kesho. Sufuria iliyozaa halafu ikafa tumeirudia mara sijui ngapi. Kichekesho ni kwamba Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad wa zama za Harun Rashid, aliyejulikana kwa mashairi ya ulevi, akafa kama mwaka 814. Watu wakamsafirisha vinywani mwao karne kwa karne mpaka akafika huku mwambao keshakuwa mjanja wa kuwaonea huruma maskini. Zipitie hekaya kabla ya kusoma, nyingine si za mtoto.

Alfu Lela yenyewe usiianze mwanzo. Mfalme anayeoa na kuua kila usiku si habari ya kulalia. Ruka mpaka kwa Sindbadi baharia. Ana safari saba, nawe una siku saba za wiki. Sisi watoto wa jahazi na pepo za kaskazi tunamwelewa Sindbadi bila maelezo, na yule ndege rukh anayebeba tembo, Marco Polo alipomtaja alimweka upande wa Bukini, na kweli Bukini kulikuwa na ndege mkubwa mno ambaye mayai yake yapo makumbusho hadi leo. Mwonyeshe mtoto picha ya yai hilo, hatalala. Nilichofurahia ni kujua kuwa hata hizi hazikuanza kitabuni. Sindbadi alikuwa peke yake kabla Mfaransa Antoine Galland hajamwingiza kwenye tafsiri yake iliyoanza kutoka mwaka 1704, na Aladini na Ali Baba alisimuliwa kwa mdomo na kijana wa Halab aitwaye Hanna Diyab, huko Paris, mwaka 1709. Tafsiri za Kiswahili nilizonazo ni ngumu ulimini, kwa hiyo Sindbadi simsomi. Nasoma mwenyewe jioni, usiku namsimulia, kitabu mkononi kwa heshima tu.

Na visa vya Mitume tusivisahau, ijapokuwa navyo namwambia binti yangu wazi kuwa hivi si paukwa. Sura Yusuf ina aya 111 na kisa kimoja kinachokwenda kwa mfululizo, ambacho Mwenyezi Mungu mwenyewe amekisifu kuwa ni kizuri kupita visa vyote. Ndoto, kisima, msafara, jela, ndoto nyingine, ndugu wanarudi hawamjui. Tulikwenda nacho usiku tisa, mwezi wa Ramadhani.

Kumbe nilikuwa namtayarisha kwa paa bila kujua.

Paa tulimwanza baada ya Idi. Nilichapisha zile kurasa za Kiswahili za mwaka 1870, nikazishona kwa uzi, na binti yangu akachora jalada. Kiswahili chake ni cha kusema, si cha kusomea mtihani. "Akamwambia, akamwambia" kila mahali, ambayo mwalimu angeikatia mstari mwekundu, lakini ulimini inatiririka na mtoto haipotezi. Maneno ya zamani tuliyatatua tunavyokwenda. Thumni nilimweleza kuwa riale moja ilikuwa na thumni nane, akahesabu kwa vidole.

Usiku wa pili akauliza, "Mtumwa ni nani?"

Nilijua linakuja. Hadithi zile zimejaa watumwa na vijakazi, wanatumwa huku na huku kama upepo, hawana hadithi yao wenyewe. Ningeweza kusema mtumishi nikapita. Nusura niseme. Lakini tunakaa dakika kumi kwa miguu kutoka Mkunazini, pale penye soko lililofungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulipigwa marufuku hapa mwaka 1897, yaani bibi wa bibi yangu ameuona. Na bibi yangu, aliyekuwa na hadithi za kila kitu, ukimuuliza mama wa mama yake katoka wapi alinyamaza akaanza kuchambua mchele. Nilimwambia binti yangu, kwa maneno ya miaka mitano, kwamba zamani watu walichukuliwa kwao kwa nguvu wakauzwa, na haikuwa haki, na baadhi yao ni wazee wetu. Akafikiri. Akasema, "Kama Nabii Yusuf." Nikasema ndiyo, kama Nabii Yusuf. Nimejiuliza tangu hapo kama paa mwenyewe, aliyenunuliwa kwa thumni, aliyempa bwana wake kila kitu akalipwa uji, hakusimuliwa mara ya kwanza na mtu aliyejua vizuri anasema nini. Ushahidi sina. Nimejiuliza tu.

Mashoga wawili walinishauri nibadilishe mwisho. Paa anaugua, anamtuma bi kizee kwa bwana, bwana anasema apewe uji wa mtama. Anamtuma tena. Uji wa mtama. Paa anakufa, anatupwa kisimani, na yule bwana anaamka yuko jaani anapekua kama kuku. Ni mwisho mkali kwa mtoto. Nilisoma kama ulivyo. Alilia sana kwenye uji, akaniomba nisisome, nikafunga, tukasoma Ayatul Kursiy tukalala. Kesho yake magharibi ni yeye aliyezileta zile kurasa. Paa alipotupwa kisimani akauliza, "Msafara utakuja?" Nikasema hautokuja, mwanangu. Akanyamaza. Mtu alipoamka jaani, binti yangu akasema, "Eee," kwa sauti ya bibi yangu hasa, ambaye hakumwona.

Kisha akataka wimbo, maana nilishamtajia kuwa bibi alikuwa akiimba. Mimi nimebakiwa na mahadhi tu, maneno yamenitoka. Nikampigia mama mdogo aliyeko Wete. Akasema hakumbuki. Baada ya siku tatu akaniletea sauti kwenye simu, kasoro ya dakika moja, nyuma yake kuku wanalia. Amepata mstari wa kwanza na nusu ya pili. Nusu iliyobaki binti yangu ameijaza mwenyewe, mna pikipiki ndani yake.

Shoga yangu nimempa nakala ya kurasa zile zile. Jana kanipigia simu analalamika: wamefika kwa nyoka wa vichwa saba, na mtoto hakubali taa izimwe.